Santuri ya Kadra na Wageni Rasmi Arobaini na Mmoja

Wananchi wote wa Garsen, Kulesa na Kipini mnaarifiwa, kwa furaha kubwa, kwamba Idara ya Sauti za Umma imegundua opera. Opera ni mchezo ambao watu hugombana kwa kuimba. Hii ni ya kuchekesha, ya Kiitaliano, ina umri wa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, na huko kwao walikuwa wameisahau kabisa. Aliyeigundua ni mimi, Afisa Job. Niliikuta ikiimba kisimani kwa Bi. Kadra Guracha, ambaye alikuwa akiitumia kila siku bila kibali.

Maelezo ni haya. Marehemu Mzee Guracha, babake Kadra, alikuwa mfugaji wa kawaida wa Kiorma: akiteka maji, anawaimbia ng'ombe, nao wanakunywa. Kifua kilipomharibikia, sauti ikaisha. Rafiki yake Mtaliano, mchimba visima, akamwachia mashine ya santuri na sahani moja. Mzee akaiunganisha na betri ya pikipiki, na tangu hapo ng'ombe wale wakalelewa na Mtaliano mwenye sauti nzito.

Nilipiga picha jalada la sahani, ambapo jina la mtunzi lilikuwa limeliwa na mchwa, nikamtumia mtaalamu huko Italia. Alijibu siku hiyohiyo. Nakala nyingine, alisema, haijulikani iliko duniani. Basi alasiri nikaitwaa santuri kwa usalama wake, nikaifungia kwenye kabati la ofisi, chini ya sinia la chai.

Asubuhi Kadra akanifikia.

"Bwana ofisa, ng'ombe zangu hazinywi. Zinaonja tu, halafu zinaangalia maji."

"Mama, huu sasa ni urithi wa taifa."

"Taifa iko na ng'ombe ngapi?"

Nikamwambia swali hilo aliwasilishe kwa maandishi. Nikamshauri pia aimbe mwenyewe.

"Nimeimba mpaka koo imekauka. Zinageuza shingo kutafuta huyo mzee wa santuri. Bwana ofisa, zitakonda, zitakufa, na mimi sina kitu ingine."

Machozi yalimlengalenga. Nakiri roho iliniuma, lakini fomu ya roho kuuma hatuna. Nikampa nakala ya Mwongozo wa Usikilizaji, kurasa nane, nilioutunga usiku uliotangulia, aende akasome.

Mwongozo ule, nasema bila kujisifu, ulikuwa kamili. Kifungu cha nne kilisema: kila atakayefika kwa kuitwa na sauti ya santuri ni mgeni rasmi, na atapewa maji ya kunywa kwa mikono ya wakubwa waliopo, kabla ya hotuba yoyote. Nilikiweka kwa sababu Mheshimiwa wetu hupenda kupigwa picha akigawa chupa za maji.

Siku ya uzinduzi wa santuri tulifunga spika juu ya paa la ofisi. Mfasiri alikuwa Tahir wa Kipini, aliyefanya kazi miaka kumi na mitano katika hoteli za Malindi na Kiitaliano anakitafuna kama muwa. Viti mia mbili tulipanga. Vilivyokaliwa vilikuwa kumi na kimoja, vyote na wafanyakazi wangu.

"Watu wako wapi?" Mheshimiwa akauliza.

"Wako njiani, Mheshimiwa."

Santuri ikaanza. Ile sauti nzito ikanguruma hadi ng'ambo ya mto.

"Anasema nini?"

"Ni bwana mkubwa huyu," Tahir akasema. "Yuwasema nyumba ni yake, na funguo zote ni zake."

"Safi sana! Kiongozi huyo!"

Kisha akaingia mwanamke, akiimba na kucheka.

"Na huyu je?"

"Mtumishi wake. Yuwamwambia: haya bwana, lakini kabla ya mchezo kwisha utanitekea maji."

"Haiwezekani," akasema Mheshimiwa.

"Ndiyo maana yuwacheka, Mheshimiwa."

Hapo tukaona vumbi. Ng'ombe arobaini na mmoja waliingia langoni kwa mwendo wa haraka, wakavuka kapeti jekundu, wakasimama mbele ya jukwaa, masikio wima. Nyuma yao alikuja Kadra, fimbo mkono mmoja, Mwongozo wangu mkono wa pili, na nyuma ya Kadra soko zima, simu juu.

"Kifungu cha nne," akasema Kadra. "Wamekuja kwa sauti. Ni wageni rasmi."

Mheshimiwa akasoma. Akasoma tena.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

"Kamati, Mheshimiwa," nikasema. Kamati ni mimi.

Simu zilikuwa nyingi mno kwa mtu kukataa. Bomba la ofisi halijatoa maji tangu tulipolizindua, kwa hiyo ikabidi tuteke tangini kwa ndoo. Mheshimiwa akakunja suruali ya suti. Ng'ombe wakainamisha vichwa, wakanywa kwa raha zao.

Kwenye ndoo ya tisa betri ikafa, na sauti ikakatika. Vichwa arobaini na kimoja vikainuka.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa imbeni," akasema Kadra.

Sauti yangu ni nzito, na imesifiwa katika harusi nyingi. Nikashika nafasi ya bwana mkubwa. Mheshimiwa, kwa kuwa nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, akawa mtumishi. Ng'ombe wakatusikiliza kidogo, wakarudisha midomo majini. Tahir alilala chini kwa kicheko. Kadra naye alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Tuliimba mpaka tangi likabaki tupu.

Santuri imerudi kisimani, na Bi. Kadra ameteuliwa Mtunzaji Mkuu. Katika ripoti yangu nimeandika kwamba wageni walihudhuria arobaini na mmoja, na hakuna aliyetoka kabla ya mwisho.

Limebaki jambo moja tu. Jumatatu nilifungua mkutano wa idara. "Mabibi na mabwana," nikasema, kwa sauti yangu ileile. Kabla sijafika kwenye ajenda, pembe zikachomoza dirishani, kisha pembe nyingine, kisha nyingine. Wakanitazama kwa subira. Nikampigia Kadra simu.

"Mama, njoo uchukue ng'ombe wako."

"Wamekuja kwa sauti, bwana ofisa," akasema. "Soma kifungu."

Nikaahirisha mkutano, nikachukua ndoo.