Sura Yangu Katika Kitabu cha Waliosahaulika

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Fundi Saa amepewa sura nzima kitabuni.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Yule mama mwembamba anayekaa meza ya dirishani pale maktaba ni Mwandishi. Ameshatoa vitabu vitatu kuhusu miji mingine: maisha yaliyopotea, historia isiyokumbukwa na mtu, siri zilizofukiwa chini ya sakafu. Vyote vinaazimwa mpaka majalada yanalegea. Sasa ni zamu ya mtaa wetu. Na mtu wa kwanza kumwona anafaa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu ambaye kazi yake kubwa duniani ni kubadilisha betri.

Eti zamani ndiye aliyekuwa akipanda mnara wa stesheni kutia ufunguo ile saa kubwa. Saa ilipoondolewa hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alipanda ngazi zote akakuta tundu na njiwa. Anasema Mwandishi alitokwa na machozi. Amenisimulia juu ya ukuta mara mbili, mara ya pili polepole nisije nikakosa neno.

Nilimwambia nimefurahi sana kwa ajili yake. Nikaingia ndani nikaupiga mto ngumi.

Mimi je? Nimesoma mita za maji za mji huu tangu ujana mpaka kustaafu. Nimetambaa vichakani. Nimekimbizwa na mbwa wa kila rangi. Nimefuta utando wa buibui kwenye vioo vya mita kwa shati langu mwenyewe. Wanangu mapacha wako mbali, na wakipiga simu wanataka kuongea na mama yao. Mwisho kabisa ndipo nasikia, haya, msalimie baba. Nikiwa kitabuni watanisoma, wapende wasipende. Nimeamua. Lazima niingie.

Mke wangu ameuliza mbona mto unamwaga pamba. Nimesema panya.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda maktaba na tai. Mwandishi ni mtu wa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata pale kwenye habari za koki. Kisha akanieleza utaratibu wake. Hamwandiki mtu anayekumbukwa. Kwanza anazunguka mtaani, anauliza dukani, kwa kinyozi, kwa yeyote aliyekaa barazani: unamjua fulani, alikuwa nani, alifanya nini? Wakimjua, kitabu cha nini? Wakikwama, hapo ndipo anapotega sikio. Aliuliza kuhusu Fundi Saa, kila mtu akasema yule mzee wa betri. Habari za mnara hakuna aliyekuwa nazo.

Nikamwambia basi mambo yameiva, mimi sijulikani hata kidogo. Mfagiaji wa maktaba akapita hapo hapo. Akaniamkia, Bwana Mita, akaniuliza goti linaendeleaje. Msomaji wa magazeti kule pembeni akataka kujua ni goti lipi, lile la mbwa au lile la ngazi.

Mwandishi alifunika kalamu yake taratibu. Alisema hata hivyo hatanihukumu kwa watu wawili, atapita mtaani Jumatatu kuuliza.

Kwa hiyo nina mpaka Jumatatu niwe nimesahaulika.

Nimeazima vitabu vyake viwili nijifunze waliosahaulika wanaishije. Nimesoma majalada ya nyuma. Karibu wote wamekufa. Huko sifiki. Lakini pia wanakaa peke yao, hawasemi na mtu, wanatazama dirishani. Hayo nayaweza.

Nilimweleza mke wangu kwamba Mwandishi atapita huku. Aliacha kukunja nguo. Akauliza huyo mama anauliza maswali ya namna gani hasa. Nikasema mambo ya zamani tu, asijisumbue. Akasema aha, akaendelea kukunja.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya kwanza: kutoonekana. Nilikaa ndani tangu asubuhi nikitazama dirishani kwa uso wa mtu aliyepotelewa na maisha.

Nilikuwa sijui kwamba huwa napita kila mlango. Nilidhani nakwenda tu dukani na kurudi, na nikiona mita njiani naitupia jicho, maana watu hawajui kutunza mita. Jua halijapanda sawasawa Mwenye Duka akamtuma mtu aulize kama naumwa. Jirani wa mbele akaleta uji. Kinyozi alifunga kibanda chake, akaja akasimama sebuleni kofia mkononi. Kufikia adhuhuri dada yangu alikuwa ameshafika kutoka upande wa pili wa mji akilia, ameambiwa nimezidiwa. Nilipomfungulia mlango mwenyewe alinipiga na mkoba.

Jioni akaja Fundi Saa, uso mrefu. Alimwuliza mke wangu, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia vizuri, kama ile ngazi yangu ya chuma imeshapata mrithi.

Uji ulikuwa mtamu, lakini.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya pili, na hii ni ya watu wenye akili. Kama hawawezi kunisahau wenyewe, watasaidiwa.

Nimepita mtaa mzima, mlango kwa mlango, nikimwomba kila mtu kwamba akiulizwa Jumatatu aseme hanijui. Watu ni wema, jamani. Mwenye Duka alikubali hapo hapo, akataka tufanye mazoezi. Tulifanya. Mara ya kwanza alisema hanijui huku akinipimia chumvi. Kinyozi naye alikubali, ila akauliza anisahau kuanzia leo au kuanzia Jumatatu, kwa sababu Jumamosi nina zamu ya kunyolewa. Nikamwambia Jumatatu. Jirani wa mbele alitaka kujua kama mumewe pia anisahau, au yeye peke yake atatosha. Nikasema familia nzima.

Nimerudi nyumbani sauti imekauka. Sijawahi kuongea na watu wengi namna hii tangu nistaafu. Mke wangu akasema kama nataka kusahaulika, nikae nyumbani. Nikamkumbusha kwamba nilikaa.

Jumapili, 9 Machi

Usumbufu mpya. Nimefungua kimoja cha vile vitabu, ndani safari hii. Kila sura ina siri. Mmoja alificha cheo, mmoja alificha jina la baba, mmoja aliishi dirishani miaka akimsubiri mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Kusahaulika peke yake hakutoshi! Sharti niwe na kitu nilichoficha.

Nimejipekua asubuhi yote. Nimeipata moja. Pale kwenye nyumba ya mbwa mweusi sikuwahi kuingia hata siku moja. Nilikuwa nasimama getini nakadiria tu namba. Nimeibeba siri hii rohoni muda wote, na leo, kwa moyo mzito, nimemfunulia mke wangu.

Alicheka mpaka akashika meza. Anasema mwenye mbwa huwasimulia wageni. Hata yule mbwa alipewa jina la Kadirio.

Kisha akajifuta macho, akasema watu wengi wana mambo ambayo hawakuyaficha, ni vile tu hakuna aliyewauliza. Nikamwomba asinikatize, nilikuwa nawaza.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Aibu tupu. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Kwa hiyo nilikwenda kwa Kinyozi mapema, nikalala kwenye kiti, akanifunika uso kwa taulo la moto. Mwandishi akaingia. Akauliza kama kuna anayemjua Bwana Mita, yule aliyekuwa msoma mita.

Kinyozi, Mungu ambariki, akasema hamjui. Hajapata kumwona. Hilo lilikuwa zuri. Angeishia hapo! Akaongeza kwamba hamjui kabisa kabisa na kwamba mwenyewe alisisitiza sana jambo hilo. Mwenye Duka, aliyekuwa akisubiri zamu, akasema naye hanijui, ni mtu asiyejulikana, anakunywa chai bila sukari siku hizi kwa sababu ya daktari, na ukimwuliza habari za mabomba utalala hapo. Wa tatu akasema hanijui lakini mita yake haijasomwa vizuri tangu nilipoondoka. Wa nne akasema hanijui, akauliza goti limepona?

Nilisikia Mwandishi akicheka chini chini. Halafu sauti yake ikasogea juu ya taulo. Alinipa pole. Alikuwa amevitambua viatu. Akasema katika kazi yake yote hajakutana na mtu aliyesahaulika kidogo kuliko mimi, na kwamba niende nyumbani nikafurahi. Kunitukana mbele ya watu!

Kisha akauliza swali jingine. Mama Mapacha, mke wa huyu bwana, kabla ya kuolewa alikuwa akifanya nini?

Mkasi wa Kinyozi ulisimama. Mwenye Duka akasema ni mama mzuri, hulipa kwa wakati. Hakuna aliyekuwa na zaidi ya hilo. Nami nilifungua mdomo chini ya taulo ili nijibu, kwa sababu mume ni mimi. Nikakuta sina cha kusema. Alikuwa kwao. Nadhani alikuwa kwao.

Jumatano, 12 Machi

Mwandishi amekuja nyumbani kwetu. Kwa mke wangu!

Nilijiweka kiti cha katikati ili niwe karibu na maswali yakinijia. Hayakunijia. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la harusi za watu. Alikaa wima, mikono magotini, akaanza kusema kama mtu aliyeyapanga maneno zamani.

Lile ghala la saruji karibu na stesheni lilikuwa ukumbi wa sinema. Hilo najua, kila mtu anajua. Nisilolijua ni kwamba kule juu, kwenye kile chumba cha mashine chenye kidirisha kidogo, aliyekuwa akiendesha mashine ni yeye. Msichana. Mwenye ukumbi hakutaka ijulikane, aliogopa watu watadharau. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma kabla ya watu na kutoka wakishaondoka.

Siku moja ukumbi umejaa, mkanda ukashika moto sehemu ya mwisho. Pazia likawa jeupe tupu. Watu wakaanza kupiga mbinja na kung'oa viti. Yeye akavuta kipaza sauti cha matangazo, akazima taa zote, akawasimulia kilichobaki. Alisema kwa sauti ya mzee, ya askari, ya mama anayemtafuta mwanawe, mpaka mwisho. Waliokuwa wamesimama wakakaa. Walitoka kimya, wengine wakijifuta macho.

Niliruka kwenye kiti. Nilikuwepo! Ile ndiyo sinema bora niliyowahi kuona maishani. Nimewasimulia wanangu tangu wakiwa wadogo, ile sinema ambayo mwishoni picha zinaondoka inabaki sauti. Nilidhani ndivyo ilivyotengenezwa!

Mke wangu alinitazama. Akasema anajua. Nilikuwa safu ya tatu, nalia kuliko wote, nikapenga makamasi kwenye shati la mtu. Aliniona kutoka kidirishani. Nilipokuja kwao kuposa baadaye alinikumbuka, na ndiyo maana alimwambia baba yake akubali.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema alikuwa akingoja nimwulize.

Mwandishi alikuwa ameacha kuandika, analia waziwazi. Niliona huo ndio wakati mzuri, nikamwuliza kama sura itakuwa ya sisi wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi Saa anadai naye alikuwepo siku ile. Safu ya pili. Anasema shati lilikuwa lake. Tumebishana ukutani mpaka chakula kikapoa, na hatusemeshani.

Jumamosi, 15 Machi

Kurasa za sura ya mke wangu zimeletwa tuzipitie. Nimo! Ukurasa wa mwisho, mstari wa pili kutoka chini: mtazamaji mmoja aliyelia kwa sauti. Jina hakuna. Mita hazikutajwa. Nimeandikwa pungufu ya yule njiwa wa mnarani.

Mapacha wamepiga simu. Wameshaambiwa. Waliongea na mama yao muda mrefu, wanauliza hili na lile, yeye anacheka kama msichana. Mwishoni nikapewa simu, wakaniambia nina bahati sana. Nikawaambia najua, lakini wasubiri kitabu cha pili.

Kwa maana kitakuwepo cha pili, Mwandishi mwenyewe amesema. Na nimeshaona nilipokosea. Siku chache hazitoshi. Nitahamia kwa dada yangu miezi mitatu, nifuge ndevu, nirudi nikijiita jina lingine. Nani atanijua?

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuupanga mpango huu mke wangu alipoingia na vikombe viwili vya chai. Akasema kuna jambo moja ambalo hakumwambia Mwandishi, la siku ukumbi ulipofungwa. Hajamwambia mtu yeyote. Alitaka niwe wa kwanza kulisikia. Nikamwambia vizuri sana mke wangu, nina hamu kweli, ila aningoje kidogo nimalize hapa kwenye ndevu.

Akatoka na vikombe vyake vyote viwili.

Sasa namsikia kule ukutani, anamsimulia Fundi Saa. Lazima ni jambo zito, kwa sababu Fundi Saa hajajitaja hata mara moja, na sasa hivi nadhani analia. Yule mtu hulilia kila kitu. Nitamwuliza mke wangu kesho, au keshokutwa, nikishajua ndevu zangu zinaota kwa kasi gani.