Risasi ya Nne na ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe macho yamechoka. Jumamosi atachagua mkwe mmoja arithi nafasi yake kwenye timu ya klabu ya shabaha. Mtihani: kila mtu na bunduki yake, risasi tano, karatasi moja. Rula inapima kutoka tundu la pembeni hadi la pembeni upande wa pili. Matundu yaliyobanana zaidi yanashinda. Nafasi ni yangu! Nimemwoa binti mkubwa. Mwanyumba, aliyemwoa mdogo, siku hizi ananisalimia kwa heshima mno. Ana lake jambo.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Risasi tano: sentimita tisa. Haiwezekani! Nikakagua darubini ya bunduki, skrubu moja imelegea. Mwanyumba ana bisibisi mfukoni. Ati ya kukazia miwani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua! Nikipiga risasi tatu tu: sentimita nne. Mbili tu: sentimita moja na nusu. Bunduki haina kasoro. Zinazoniharibia ni ya nne na ya tano. Na mwanyumba hukohoa lini? Kwenye risasi ya nne! Mke wangu anasema jamaa ana mafua wiki nzima. Hata mke wangu nimeanza kumtilia shaka.

Mpango: Jumamosi tatu kwenye karatasi yangu, mbili nampelekea mwanyumba kwenye yake. Yangu ibanane, yake itawanyike.

Jumamosi, 9 Machi

Mpango ukaenda sawasawa. Yangu: sentimita nne! Baba mkwe akauliza mbona matundu ni matatu. Nikasema risasi nyingine zimepita palepale. Akahesabu ya mwanyumba. Saba. Matundu ya bunduki yangu ni makubwa kidogo, hayafichiki. Akapima yote saba: sentimita tatu. Mawili yangu yalikuwa katikati kabisa, yamegusana.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “kumbe kupiga unajua. Tatizo ni unachokilenga.”

Nafasi kampa mwanyumba. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu anataka niende nikaombe radhi. Radhi ya nini? Nimepiga hesabu tangu asubuhi. Kwenye karatasi yangu, sentimita nne. Kwenye ya mwanyumba, yamegusana. Mpigaji yuleyule, bunduki ileile! Basi karatasi yangu ndiyo mbovu. Na aliyezibandika ni nani? Mwanyumba.

Kesho namwandikia baba mkwe mtihani urudiwe. Safari hii zote tano nazipiga kwenye ya mwanyumba.