Usifunue Kitambaa

Neno jipya likiingia Makambako, kabla watu hawajajua maana yake, Rabson anakuwa ameshalipokea stendi na kulibebea begi. Ulipokuja mtindo wa kusema "mtandao wa kasi", aliwauzia watu waya wa kufunga juu ya bati ili kasi ishuke vizuri. Kasi haikushuka, lakini nguo zilipata pa kuanikwa, na Rabson akasema hata hiyo ni huduma.

Safari hii neno lilimkuta kwenye mgahawa wa Anifa, pale yanapoegeshwa malori ya kwenda Songea. Aliingia kwa nia njema kabisa ya kunywa supu na kuondoka bila kulipa. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza, madereva wamejaa, na tivii ukutani haionyeshi uwanja wala wachezaji. Imeandika tu: INASASISHA. TAFADHALI USIZIME. Chini yake kamstari kamefika katikati na kugoma.

"Da Anifa, inasasisha ndiyo nini?" dereva mmoja aliuliza.

"Iulize yenyewe. Mimi nauza supu."

Boksi lenyewe lilikuwa chini ya tivii, lile dogo jeusi linalovuta mpira na tamthilia kwa mtandao. Rabson alilitupia jicho mara moja tu akajua ugonjwa wake. Kona ya juu ya kioo kulikuwa na alama ya mtandao iliyokatwa mstari. Bando lilikuwa limeisha sasisho likiwa njiani. Dawa yake ni vocha na uvumilivu: uongeze bando, uliache limalizie. Likigoma kabisa, kuna kitundu kidogo mgongoni, unabonyeza kwa njiti ya meno huku unarudisha umeme, linaanza upya. Basi. Lakini vocha na uvumilivu ni vitu ambavyo Rabson hakuwahi kuviuza.

Na siku zile alikuwa na shida yake. Wiliam, mwenye duka la redio na simu kule Ludewa, alikuwa amemwambia: "Niletee begi zima la maboksi ya tivii, yanayofanya kazi. Nitakuwekea meza ya ufundi mbele ya duka na kibao chenye jina lako. Ila usinichezee." Wiliam ni mtu wa Lupingu, amekua anavuta mitumbwi ufukweni, na akisema usinichezee anakuwa amekushika bega. Rabson alikuwa mtu wa kuhama kila watu wanapoanza kumuulizia. Kibao kile alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alishachagua mpaka rangi.

Akaweka bakuli chini, akachomoa kalamu mfukoni. Haikuwa na wino.

"Hili limeanza lini kuumwa?"

"Tangu asubuhi," alisema Nasiri, mume wa Anifa, mwenye malori mawili na hamu ya kupata la tatu bila kulinunua. "Wewe nani?"

"Injinia Rabson, wa sasisho. Mmelizima?"

Nasiri akamtazama mkewe. "Mara moja tu. Tulifikiri limelala."

Rabson alifumba macho kama daktari aliyeletewa mgonjwa jioni wakati aliitwa asubuhi. "Mmelizima katikati ya sasisho. Na upepo huu wa Makambako. Jamani, sasisho linashuka kutoka juu, likikuta upepo linapeperuka. Sasa hivi sasisho lenu huenda liko Mafinga kwenye tivii ya mtu mwingine."

Madereva wakaguna kwa huruma.

"Linarudishwaje?" Nasiri aliuliza.

"Inategemea unataka lipi. Kuna sasisho la wananchi, na kuna sasisho la wakubwa." Alishusha sauti, na Nasiri akasogea. "La wakubwa linafungua kila kitu. Mpira wote, sinema zote, wala hulipii tena mwezi."

"Milele?"

"Boksi lisipokufa."

"Baba Shamimu," Anifa alisema kutoka kwenye sufuria, "mbona kizuri hivyo kiwe cha siri?"

"Mama Shamimu, wewe angalia supu. Injinia, weka la wakubwa."

Rabson akaomba vitambaa viwili vizito vya kutarizi, cha kutandika na cha kufunika, maana sasisho la wakubwa haliangaliwi na mwanga. Anifa alikuwa navyo viwili tu vya namna hiyo, vya harusi yake, vyeupe, vimetariziwa kwa uzi wa waridi: Anifa na Nasiri. Akavitoa kwa shingo upande. "Usivichafue, fundi. Hivyo nilivishona mwenyewe."

Kilichofuata hakikuzidi muda wa kumenya chungwa. Rabson aliinama nyuma ya tivii, akanung'unika maneno ya mitambo. Alipoinuka, juu ya meza kulikuwa na kitambaa kimoja kimefunika kitu chenye ukubwa wa boksi, na kwa pembeni kinaonekana kijitaa chekundu kinawaka na kuzima. Lilikuwa ganda tupu la boksi bovu, alilookota kwa wauza plastiki na kulitia betri na taa ya tochi. Boksi lenyewe lilikuwa ndani ya begi lake, limeviringishwa kile kitambaa cha pili ili lisigongane na wenzake.

"Usifunue kitambaa mpaka taa iwe ya kijani," alisema. "Ukifunua, limekufa, na mimi simo."

Nasiri alimlipa bila kuomba apunguze, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona. Siku ile na iliyofuata Rabson alizunguka mji. Kwa Mama Zamda mwenye duka la kanga, upepo. Kwa fundi viatu, upepo. Kila alipotoka, nyuma yake paliachwa watu wazima wamekaa wanatazama kitambaa.

Mama mwenzangu, ukiambiwa usifunue kitambaa chako mwenyewe, ndani ya nyumba yako mwenyewe, kifunue. Kifunue hapohapo, mwenye kukuambia akiwa bado amesimama mlangoni. Tuendelee.

Rabson alifika Njombe asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, begi limetuna mgongoni. Gari la Ludewa lilikuwa bado halijajaa. Kama angepanda na kukaa, hadithi hii ingekuwa fupi na ya kusikitisha. Lakini begi lilikuwa na nafasi ya boksi moja, na nafasi ile ilimwasha kama kiroboto. Hapo ndipo alipomsikia mama mmoja wa makamo anamuuliza muuza chaja kama anamjua fundi wa boksi la tivii.

"Kamwene, mama," Rabson alisema, kwa Kibena chake chote.

"Kamwene, mwanangu. Wewe fundi?"

"Injinia Rabson, kutoka makao makuu, Makambako."

"Ya nini?"

"Ya sasisho, mama."

Mama Bertila alikuwa mjane. Boksi alinunuliwa na binti yake Judith, anayefanya kazi Makambako, ili magoti yakimkatalia kwenda kanisani aione misa akiwa kwenye kiti chake. Tangu juzi kioo kilikuwa kimeandika neno lilelile, na Jumapili ilikuwa inakuja. Nyumba yake ilikuwa karibu na stendi, safi, kila kiti kimevishwa kitambaa. Juu ya boksi alilala paka.

Rabson akamshusha paka, akagusa boksi, akatikisa kichwa. "Hapa tatizo ni baridi, mama. Sasisho limeganda."

"Limeganda?"

"Kama mafuta ya nazi."

Mama Bertila alimtazama paka wake, ambaye analalia boksi lile kwa sababu ndicho kitu chenye joto kuliko vyote mle ndani.

"Naomba maji ya moto kidogo, na kitambaa kizito."

Maji yalikuwa kwenye chupa ya chai, na kitambaa kilikuwa kitini, kwa hiyo mama alirudi mapema kuliko injinia alivyopanga. Kazi ilikuwa imekwisha, ganda liko mezani na kijitaa kinapepesa, lakini zipu ya begi ilikuwa haijafungwa vizuri. Kona ya kitambaa cheupe ilikuwa imechungulia nje.

"Anifa na Nasiri," mama akasoma. "Hawa ni nani?"

"Anifa ni mke wangu, mama."

"Na Nasiri?"

"Ndiyo mimi."

"Stendi ulikuwa Rabson."

"Rabson ni la kazini. Nasiri ni la harusini."

"Ahaa," alisema Mama Bertila, akaweka maji mezani taratibu. "Basi una mke mwenye moyo. Mimi changu cha harusi, marehemu mume wangu hakuruhusiwa hata kukiwekea kikombe. Na wako anakupa ufungie nyaya?"

Rabson alicheka. Kicheko kilitoka chembamba. Hakujua alichoulizwa, maana hakuwahi kukaa na mwanamke miezi akimtazama anatarizi jina lake na la mwanamume, akifumua herufi iliyopinda na kuanza tena. Kitambaa cha namna hiyo kinakaa kwenye kiti cha wageni. Hakisafiri na injinia.

"Hakuna kufunua mpaka taa iwe ya kijani," alisema, akifunika ganda.

"Sifunui. Na wewe huondoki bila kula. Mgeni aondoke kwangu na tumbo tupu, baridi hii, watu watanisemaje? Nenda jiko la nje ukaote moto, maharage yapo. Begi liache, halina njaa."

Rabson alitaka kukataa, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na harufu ya maharage ilikuwa imeshamshika mkono. Akaenda.

Mgongo wake ulipogeuka tu, Mama Bertila akafunua. Paka akaruka juu ya ganda, akakaa, akasubiri joto, akashuka amechukia. Mama akaliinua kwa vidole viwili. Halikuwa na uzito wa sanduku la kiberiti. Kisha akafungua begi, na mle ndani akakuta boksi lake limekaa juu ya maboksi ya wenzake.

Alifika mpaka dirishani kupiga yowe. Nje walikuwepo vijana wa bodaboda, wameketi juu ya pikipiki zao hawana abiria. Aliwajua. Mwizi wa kuku walimfanya nini mwaka jana, alikuwa bado hajasahau, na mama wa yule kijana anasali naye kanisa moja. Na huyu wa jikoni naye ametoka tumboni kwa mtu. Akarudisha pazia, akaenda stoo.

Rabson aliporudi, mkanda umelegezwa tundu moja, alikuta begi liko palepale, limefungwa, na juu ya zipu limeshonwa kwa uzi mnene wa kufumia.

"Nimekuwekea zawadi ya safari humo, ya kwenda kwa Anifa," Mama Bertila alisema. "Nimeshona isije ikamwagika. Usifunue njiani, mwanangu. Zawadi inafunuliwa unapofika, mbele ya wenyeji."

Rabson akalinyanyua. "Mama, limekuwa zito."

"Njombe hatujui kutoa zawadi nyepesi."

Akashukuru kwa heshima zote, akakimbilia gari. Njia nzima, kona kwa kona mlimani, alilipakata begi lile kama mtoto mchanga, na mara moja tu alitaka kukata uzi achungulie. Abiria wa pembeni, mama mwenye kikapu, akamwambia, "Zawadi hiyo, si umeambiwa na mwenyewe usifunue?" maana Rabson alishamsimulia. Akaacha.

Wakati huo simu ya Judith ililia Makambako, na mama yake akamtuma akamtafute mwanamke anaitwa Anifa, mumewe Nasiri. Kumpata hakukuwa kazi, kwani mgahawani watu walikuwa wanacheka tangu barabarani. Nasiri alikuwa amekaa mbele ya kitambaa na kiboko cha kufukuzia wanaotaka kuchungulia.

"Kifunueni hicho," alisema Judith, akishamnong'oneza Anifa habari za mama yake.

"Huyo asiguse. Bado nyekundu."

"Baba Shamimu," Anifa alisema, "kitambaa changu kingine kiko Njombe kwa mama yake huyu dada. Na boksi letu limo ndani yake."

Akakivuta. Nasiri aliliangalia ganda muda mrefu. "Labda ndivyo la wakubwa linavyokuwa," alisema, lakini hata yeye hakuwa na nguvu ya kuendelea.

Maboksi yalirudi na gari la kesho yake. Judith aliweka bando kwenye la Anifa, kamstari kakatembea, na kabla chai haijapoa mpira ukaonekana. Chaneli zilikuwa zilezile, na mwisho wa mwezi inalipiwa vilevile.

Kule Ludewa, siku ile ya safari, Wiliam alikuwa ameshatoa meza nje. Kibao kilikuwa kimetundikwa, rangi ya bluu kama Rabson alivyotaka: RABSON, FUNDI MKUU. Watu walisimama kutazama. Rabson alipanda ngazi ya duka taratibu, akaweka begi mezani, akajikohoza.

"Sipendi kujisifu," alisema, akakata uzi.

Wiliam akaingiza mkono, akatoa kiazi. Kiazi kizuri, cha mviringo, bado kina udongo. Akakiweka mezani. Akatoa kingine, akakiweka pembeni ya cha kwanza. Watu wakasogea karibu. Safari ya tatu mkono ulitoka na ganda jeusi la plastiki lenye kijitaa chekundu, kinawaka, kinazima, kinawaka.

Mkono wa pili wa Wiliam ukatua begani kwa Rabson.

"Na hiki?"

Rabson alilitazama ganda lake. Akakitazama kibao. Kisha akamtazama Wiliam, kuanzia chini kwenda juu, na safari ilikuwa ndefu.

"Inasasisha," alisema. "Tafadhali, usinizime."