Fundi Walubengo na Ngome ya Plastiki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Binti yangu Nabwile amekuja likizo kutoka Dubai. Kaniletea boksi kubwa mpaka lilikataa kupita mlangoni. Ndani: matofali ya plastiki ya kujengea ngome. Vipande elfu tatu mia moja na kumi na viwili! Binti yangu anajua baba yake ni fundi wa mawe, miaka ishirini na saba, nusu ya maduka ya Kanduyi yalipita kwenye mwiko wangu. Sasa kitu cha kuchezea? Nikacheka.

Kisha nikaambiwa boksi kama hilo hilo amempelekea mama yake mdogo, Rosaline, kule Kitale. Shemeji yangu. Ana duka la mbegu na dawa za mifugo. Hajawahi kushika mwiko. Tayari ametuma picha kwenye kundi la familia: kuta mbili zimepanda. Anauliza kama fundi ameanza.

Sikucheka tena.

Mbaya zaidi, Mzee Wakoli alikuwa sebuleni akinywa chai. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa letu. Wanatafuta msimamizi, na jina la msimamizi litachongwa kwenye jiwe la msingi. Nalitaka jiwe hilo kuliko kitu chochote. Nimejengea watu maduka, vyoo na nyua, na hakuna ukuta hata mmoja wenye jina langu. Mzee akalitazama boksi, akasema ati kamati itapita hapa Jumapili baada ya ibada, waione hiyo ngome, halafu waamue. Nikamwambia Jumapili ni mbali. Alhamisi itakuwa imekwisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza. Kulikuwa na mifuko ishirini na minne, kila mmoja na namba yake. Upuuzi. Nani aliwahi kuona mchanga wenye namba? Fundi huchanganya kwanza. Nimepasua mifuko yote, nimemwaga kwenye makarai mawili, nimegeuza mara tatu kama inavyotakiwa, chini juu, juu chini. Mchanganyiko safi! Sellah, mke wangu, alisimama mlangoni akashika kichwa. Akauliza kama zile namba hazikuwa na kazi. Nikamwambia zilikuwa za watu wa bandarini.

Kuna kitabu pia. Kurasa mia mbili na themanini, neno hata moja hakuna. Picha tupu! Mimi nina cheti cha ufundi, siongozwi na picha. Nimekiweka chini ya mguu wa meza, maana meza ilikuwa inayumba.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepiga kamba ya kunyooshea kuta. Kona nne kwanza, halafu kuta, kama nyumba yoyote ile. Kufikia saa sita kona tatu zilikuwa zimesimama. Ya nne inataka kipande cha kijivu chenye meno mawili. Kwenye makarai kuna vya kijivu kama elfu moja. Nikatafuta saa nzima. Nikakipata. Kikanidondoka! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama chini ya kochi mpaka mgongo ukalia. Nimepata kitana cha Sellah kilichopotea tangu Pasaka. Kipande, wapi.

Rosaline katuma picha nyingine. Mnara wa kwanza, bendera juu. Nabwile amempigia makofi manane kwenye simu. Nimeyahesabu.

Alhamisi, 7 Agosti

Ukuta wa mashariki umekataa kukutana na wa kaskazini. Umezidi kidogo. Jiwe likizidi, fundi hulikata. Nimechukua msumeno wa chuma nikakata vipande kumi na vinne na kuvipiga tupa. Vimekaa vizuri mno, ila sasa havishikani na chochote. Nikaweka pima maji. Sawa kabisa! Nikashusha pumzi, na ukuta ukaanguka.

Lakini nimegundua kasoro, na si yangu. Hawa watengenezaji walisahau saruji! Tofali halishiki tofali kwa mapenzi tu. Nimeenda mjini Bungoma mwenyewe, kwa mshona viatu, nikarudi na chupa sita za gundi kali.

Ijumaa, 8 Agosti

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimebandika kila kitu. Kuta zimesimama. Ukizigonga zinalia ko, ko, kama ofisi ya serikali. Nilikuwa na furaha mpaka saa tisa, Nabwile alipoizunguka meza na kuniuliza kwa upole mfalme ataingilia wapi. Nikazunguka na mimi. Lango halipo. Nimejenga ukuta juu ya lango! Nikamwambia kazi ya ngome ni kuzuia watu.

Kisha farasi mdogo wa plastiki, wa ngome hiyo hiyo, akanasa kwenye kidole gumba cha kulia. Sabuni, mafuta ya taa, hatoki. Na nani huyo anapiga hodi? Mzee Wakoli, alikuwa anapita tu. Akaninyooshea mkono. Mkono wa kulia una farasi, na wa kushoto haupewi mzee. Nikamkumbatia. Maisha yangu yote sijawahi kumkumbatia mtu huyo. Alisimama mkavu kama nguzo ya stima, akaniuliza kama tumefiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Rosaline ameingia kutoka Kitale na ngome yake nzima ndani ya katoni ya vifaranga. Sellah ndiye aliyemwita. Usaliti, tena ndani ya nyumba yangu! Akaiweka kando ya yangu. Ina lango, ina daraja la kuinuka, ina ngazi za kuzunguka mnara. Sitalidanganya daftari hili: ni nzuri. Nilitaka kulia. Nikasema rangi imepauka.

Akakivuta kitabu chini ya meza, akanisomesha kwa ile sauti yake ya dukani. “Shemeji, mimi hata dawa ya kupe nasoma karatasi kwanza. Si ng'ombe atakufa, bana?” Nikamjibu kwamba ngome si ng'ombe. Akajitolea tuibomoe pamoja, tuanze upya. Nimekataa. Sibomoi kazi ya fundi, hata fundi akiwa ni mimi. Na gundi yenyewe haikubali.

Jumapili, 10 Agosti

Kamati imekuja, watu watano. Wakasimama mbele ya ngome mbili. Mama Chemutai, mweka hazina, akaona karai na kuuliza vile vipande vilivyobaki ni vya nini. Hapo nikasimama wima. Nikasema hiyo ni akiba! Fundi mwingine angemaliza vifaa vyote na kuomba vingine. Mimi nimesimamisha ngome na karai zima limebaki. Wakaangaliana. Fundi aliyewajengea choo cha kanisa aliishiwa saruji mara tatu, na choo bado hakina paa. Mama Chemutai akaandika kitu.

Mzee Wakoli akaisukuma ngome yangu kwa fimbo. Haikutikisika. Akaisukuma ya Rosaline. Mnara ukalala chini. Mzee akakohoa.

Msimamizi ni mimi. MIMI! Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku, machozi yakinitoka.

Niliporudi nikakuta sharti. Rosaline atakuwa akija kila Jumamosi kuisoma ramani, na hakuna kitakachojengwa kabla hajaisoma. Ati mimi mikono, yeye macho. Na jiwe la msingi litakuwa na majina mawili. Mawili! Nimekubali kwa heshima. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 13 Agosti

Ramani ya kanisa imefika. Karatasi kumi na saba. Nimeiangalia juu juu, inatosha.

Rosaline ameandika kwenye kundi kwamba atafika Jumamosi saa tatu asubuhi, na tafadhali shemeji tusiguse udongo mpaka aje. Nimemjibu vizuri sana. Nimemwambia karibu, tutakungoja, Sellah atachinja kuku. Kisha nikawapigia simu vijana wa zege. Msingi tunamwaga Ijumaa.