Mwethya wa Magazeti

Ilitangazwa rasmi katika baraza la soko la Kwa Ndululu, mbele ya bendera na mbele ya mbuzi waliokuwa wakingoja wanunuzi, kwamba kuanzia siku hiyo lokesheni nzima imeingia katika Operesheni Maliza Magazeti. Chifu Nzioka alivua kofia yake, akaivaa tena, akasema taifa haliwezi kwenda mbele wakati raia wake wako nyuma katika kusoma.

"Serikali inawaletea gazeti kila mwezi, bure, na picha ndani!" alisema. "Na nyinyi mnafanya nini? Mmelimbikiza! Miaka mitatu ya maarifa imelala tu. Huo ni uhujumu wa uchumi wa kichwa!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu Chifu alikuwa amenyamaza.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo halikupata nafasi katika hotuba. Gazeti lenyewe, Jembe na Sufuria, halikuwa limewafikia raia hata siku moja. Lilishuka kwenye basi likiwa limefungwa kwa kamba ya mkonge, likaingia ofisi ya Chifu, na huko likapewa kazi. Mafungu mengine yalishikilia meza isiyumbe. Mengine yalikuwa kiti cha wageni wa cheo cha kati. Kuku mmoja alitagia toleo la ufugaji bora, na hakuna aliyeweza kusema amekosea. Magazeti hayo yangekaa hivyo kwa amani mpaka leo, ila Bwana D.O., mkuu wa tarafa, aliwaambia machifu wote kwamba atapita kila lokesheni kuwasikiliza wananchi wenyewe wakisema wamejifunza nini.

Ndipo Chifu akagundua kwamba raia wamelimbikiza.

Kamati iliundwa papo hapo, na mwenyekiti wake akawa Mutindi, ambaye watu walimwita Mama Mbinya. Sifa zake zilijulikana. Alikuwa amefika darasa la nne, tena la nne lile la zamani, alivyopenda kueleza, ambalo ni sawa na la saba la siku hizi. Alisoma kwa sauti bila kufuata maneno kwa kidole. Na zaidi ya yote alikuwa mtu wa wasiwasi, na Chifu alisema wasiwasi ukipewa cheo unaitwa uangalifu.

Mama Mbinya hakubisha. Yeye ndiye aliyefunga mbuzi kwa kamba mbili, ya pili ikiwa ya kulinda ya kwanza. Uji wa mtoto aliuonja kama umepoa, akauonja tena kama amekosea, na mara nyingine mtoto akaletewa kikombe kitupu na pole nyingi. Watu walicheka. Lakini wasiwasi wake haukutoka hewani. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na surua kabla hajajua kutembea. Sasa alikuwa na Mbinya mgongoni, ambaye hajachanjwa, na habari zilikuwa zinasema surua imeshafika Ikutha, ng'ambo ya mto Athi tu.

Kwa hiyo mtu angedhani mama huyu ndiye angekuwa wa kwanza kutafuta gazeti jipya. Hapana. Alipewa filimbi, na filimbi hubadilisha mtu.

Jinsi ya kusoma iliamuliwa na Chifu mwenyewe. Kusoma ni kazi, alisema, na kazi kubwa Ukambani inafanywa kwa mwethya. Kila mtu alijua mwethya. Watu wanakutana asubuhi na majembe, mtaro wa kuzuia mmomonyoko unapimwa kwa fito, kila mmoja anaonyeshwa kipande chake, nyimbo zinaanza, na asiyemaliza kipande hatoki. Mitaro yote ya vilima vile ilichimbwa hivyo. Kwa nini gazeti liwashinde?

Basi ufito ukaletwa. Ulikuwa mrefu kuliko gazeti, ukakatwa. Kila ukurasa ukapimwa, ukakatwa kwa makasi ya fundi wa nguo, na kila mama akapewa kipande chake, sawa na cha mwenzake, pasiwe na manung'uniko. Walikaa kanisani, kwa sababu ndiko kuliko na viti, wakaimba wimbo wa kuchimba, wakasoma. Wasiojua kusoma walipewa picha.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Hakuna aliyejua alichosoma, lakini hakuna aliyebaki nyuma. Kwa kuwa magazeti yalisomwa kwa mpangilio wa kufika, na Machi ya mwaka juzi ilisomwa mwezi wa Septemba, wakulima waaminifu walikwenda kupalilia mahindi ambayo hawajayapanda. Chifu alipita akawaona wamesimama na majembe katika shamba la vumbi. Akasema huo ndio mwanzo wa kujitegemea.

Sheria ya pili ilikuwa ya Mama Mbinya mwenyewe, na aliionea fahari: gazeti jipya lisifunguliwe kabla ya yale ya zamani kwisha. Aliamini kwamba balaa nyingi duniani huletwa na watu wanaoruka mistari.

Halafu Nzilani akaruka.

Nzilani alikuwa jirani yake, mwenye mapacha na mdomo. Siku ya Jumatatu alisimama katikati ya wimbo akasema, "Wenzangu, mimi nimechungulia lile la mwezi huu."

Filimbi ikalia.

"Piga tu, lakini sikieni," Nzilani alisema. "Gari la chanjo linakuja Jumatano. Asubuhi litakuwa hapa sokoni, mchana liko Kiboko, na halirudi tena mpaka mwaka ujao. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?" Mama Mbinya akauliza.

"Gazetini!"

"Gazeti gani?"

"Si nimesema la mwezi huu?"

"Basi habari hiyo haijafika," Mama Mbinya alisema kwa upole wa ofisi. "Kamati iko mwezi wa Machi. Tukifika huko tutaiona."

"Aiya, mwaitu! Surua iko Machi pia? Ama inatungoja tumalize?"

Akina mama walicheka, na kicheko kikamwuma mwenyekiti kuliko habari yenyewe. Akamtoza Nzilani adhabu ya vipande viwili vya ufugaji wa nyuki. Jioni, akimwogesha Mbinya, moyo wake uligonga mara moja, kama mtu aliye mlangoni. Akajijibu kwamba Jumatano ndiyo siku Bwana D.O. anakuja, na serikali haiwezi kuleta magari mawili siku moja mahali ambapo kwa kawaida haileti hata moja. Hesabu hiyo ikamtuliza. Akalala usingizi wa mtu mwenye cheo.

Jumatano soko lilifungwa kwa amri. Kila mtu aliingia kanisani, na askari wa Chifu akasimama mlangoni kuhakikisha hakuna anayetoka na kipande kisichosomwa. Bwana D.O. aliwasili kwa Landrova, akiwa na soksi ndefu na fimbo ndogo ya kubana kwapani. Dereva wake, Sugow, alibaki kwenye kivuli cha gari akitafuna kijiti.

Bwana D.O. alianza na bibi mmoja wa mstari wa mbele, Syombua. "Haya, mama. Umejifunza nini?"

Syombua alisimama, akatazama mbele kama askari. "Nimejifunza, ukimaliza kumkamua, unamkata vipande, unamwongeza chumvi kidogo na unampa mtoto akiwa moto."

"Nani huyo?"

"Huyo alikuwa katika kipande cha Kalunde."

Kalunde akasimama bila kuitwa. "Mimi sikumwona. Mimi nilipata picha ya choo."

"Safi kabisa," alisema Bwana D.O., na akaandika kwamba wananchi wana upeo mpana.

Hapo ndipo honi ilipolia. Ililia sokoni, ndefu, halafu ikalia tena. Nzilani alikuwa tayari amesimama, pacha mmoja mbele, mwingine nyuma.

"Chifu, hilo ndilo gari la chanjo."

Chifu Nzioka alimtazama mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alitazama chini. Chifu akasema, kwa sauti ya kutangaza, "Kwa mujibu wa ratiba ya usomaji, gari hilo halijafika. Kaa chini, mama, usituharibie mgeni."

"Halijafika na linapiga honi?"

"Linapiga honi kabla ya wakati."

Honi ililia mara ya mwisho. Kisha injini ikanguruma, ikapungua, ikawa kama nyuki, ikapotea upande wa Kiboko. Mbinya alikohoa mgongoni mwa mama yake, kikohozi kidogo cha vumbi tu. Mama Mbinya aliitazama filimbi kifuani mwake. Alikuwa ameifunga kwa kamba mbili.

Bwana D.O. hakuwa amesikia kitu, kwa kuwa alikuwa anaanza hotuba. Alisema mengi. Alisema kusoma hakuna mkubwa wala mdogo. Akapandwa na maneno yake, akagonga meza. "Mimi ni D.O., ndiyo! Lakini mbele ya gazeti mimi ni raia! Nikipewa kipande changu hapa leo, nitakaa chini na kukisoma mpaka mwisho, kama mama yeyote!"

Makofi yalitikisa mabati. Chifu akatangaza kwamba sasa mwenyekiti wa kamati atatoa shukrani.

Mama Mbinya alipanda mbele. Alipofungua mdomo, ilitoka sauti ya ofisi, kwa sababu nyingine hakuwa nayo.

"Bwana D.O., kwa niaba ya kamati, tunashukuru sana kwa ombi lako."

"Ombi?" aliuliza Bwana D.O.

"La kupewa kipande. Kamati imelikubali." Akachukua rundo lililobaki mezani, vipande vya miaka miwili na nusu, akamwekea mapajani. "Na Chifu naye amekubaliwa, asibaki nyuma."

Watu walipiga makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Bwana D.O. alicheka, akangoja wengine wacheke naye, akaona wanangoja asome.

"Nitasoma nikifika nyumbani, mama."

"Aa-aa, Bwana D.O. Ni mwethya. Asiyemaliza hatoki."

"Nani alitunga sheria hiyo?"

"Chifu," walijibu wote.

Chifu Nzioka alijaribu kuvua kofia, lakini mikono ilikuwa imejaa magazeti.

"Na kwa kuwa gari lako halitakuwa na kazi wakati unasoma," Mama Mbinya aliendelea, "kamati inaliazima lipeleke watoto Kiboko."

"Gari la serikali?" Bwana D.O. alisimama nusu. Bibi Syombua, aliyekaa karibu, akamshika mkono taratibu na kumrudisha kitini, kama anavyowarudisha wajukuu. "Soma, mwanangu," alimwambia. "Si umesema wewe ni raia?"

Mbele ya kanisa zima, hakuwa na namna ya kusema amedanganya.

Nje, Sugow alisikiliza maelezo yote ya akina mama huku amefungua mlango wa nyuma. "Mimi naambiwa D.O. anasoma?" aliuliza.

"Anasoma."

"Walahi, hii nataka kuambia watoto yangu. Ingia, mama. Ingia na toto yote."

Landrova ilibeba akina mama kama inavyobebwa miwa. Mama Mbinya alijikuta amebanwa ubavuni mwa Nzilani, pacha mmoja akiwa amewekwa kwenye mapaja yake bila kuulizwa. Vumbi liliingia kila mahali.

Nzilani akasema, "Mwenyekiti."

"Naam."

"Hapa tuko mwezi gani?"

"Nisamehe, Mama Mapacha."

"Mimi nauliza mwezi tu."

"Septemba," Mama Mbinya alisema kwa sauti ndogo. "Tuko Septemba."

"Asante. Nilidhani wewe hujafika."

Walilikuta gari la chanjo likifungwa milango. Nesi alianza kusema muda umekwisha, akaona bendera ndogo mbele ya Landrova, akafungua sanduku tena. Mbinya alipodungwa alipiga ukelele uliosikika mpaka barabara ya Mombasa. Mama yake alilia pamoja naye, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka nesi akamwuliza kama naye amechomwa.

Walirudi Kwa Ndululu jua likiwa limelala. Askari wa Chifu alikuwa bado mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyembadilishia amri. Ndani, Bwana D.O. na Chifu Nzioka walikuwa wamekaa sakafuni, vipande vimewazunguka kama maganda ya njugu, wakijaribu kuunganisha ng'ombe na supu. Soksi za Bwana D.O. zilikuwa zimeshuka. Akina mama wazee walikuwa wakiwaimbia wimbo wa kuchimba, polepole, wasije wakachoka.

Bwana D.O. alipomwona mwenyekiti akiingia, aliinua mkono juu, akaushikilia hapo.

"Mama," alisema, "naomba kwenda msalani."

Mama Mbinya alimpangusa mtoto machozi, akamtazama mkubwa huyo kwa huruma ya mama.

"Umefika mwezi gani?" akamwuliza.