Uzembe Si Neno Langu

Jumatatu, 10 Mei 1982

Nimeitwa mzembe. Mimi, Yoakimu! Mbele ya madereva wote wa matrekta!

Kisa ni ng'ombe wa mzee Gidahosh. Kila asubuhi wanakatiza shamba letu la ngano kwenda kulamba magadi ziwani. Kazi yangu ni kufungua kizuizi, kisha kutembea nao pembeni wasiiguse ngano. Lakini mzee lazima aamkiwe. Nikampa shikamoo. Akapokea, akauliza habari za mama, za mbuzi, za mahindi kule kwetu Gendabi. Nikauliza za kwake, mji mmoja baada ya mwingine. Tulipofika kwa ndama wa shangazi yake, ng'ombe walikuwa wamezama kwenye ngano hadi tumboni. Ningemkatisha mzee? Nimelelewa vizuri.

Reginald, mlinzi mwenzangu, aliona yote. Mbio hadi kwa meneja. Kikao ni Alhamisi. Mwezi ujao mlinzi mmoja atafundishwa kuendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, na meneja amesema mzembe hapandi kombaini. Naitaka hiyo kombaini mpaka naumwa.

Jumanne, 11 Mei

Nimekwenda kwa mwalimu Odilia wa elimu ya watu wazima. Mtu wa Bukoba, anajua maneno. Nikaomba jina jepesi la kosa langu.

Akaeleza. Uvivu ni kutotaka kazi. Usahaulifu ni jambo kukutoka akilini. Kupuuza ni kuambiwa ukajifanya hukusikia. Uzembe ni kukabidhiwa kitu, ukajua kinavyotakiwa kutunzwa, na usikitunze. Hilo la mwisho limenikaa vibaya. Nikauliza kama hakuna laini zaidi. Akashusha pumzi, akasema lipo kughafilika: akili kuchukuliwa kwa muda na jambo jingine.

Neno zuri mno! Linafanana na ugonjwa, na mgonjwa haadhibiwi. Aliongeza kitu kuhusu mtu anayeghafilika kila wiki, lakini nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Jumatano, 12 Mei

Nimepata akili kubwa: shahidi. Mzee Gidahosh mwenyewe atathibitisha kwamba salamu zilikuwa ndefu. Nimemwomba aje kesho asubuhi, moja kwa moja karakanani, kwenye kikao. Amekubali, baada ya salamu.

Reginald amepita akipiga mluzi. Amevaa ovaroli ya dereva. Ameazima wapi? Hana aibu kabisa.

Alhamisi, 13 Mei

Nilizungumza vizuri sana, sijui nianzie wapi kujisifu. Nilitenganisha uvivu na usahaulifu. Nikafika kwenye kughafilika, madereva wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu Odilia, aliyekuja kusikiliza, aliinamisha uso, nadhani kwa furaha. Meneja akakuna kidevu, akasema kweli, adabu kwa wazee si kosa, na huenda tumeharakisha. Niliiona kombaini. Niliusikia hata mlio wake.

Hapo mzee Gidahosh akaingia na fimbo yake. Kikao kizima kikamwamkia. Meneja akamwuliza habari za ng'ombe.

"Ng'ombe wazima," akasema. "Wako ndani ya ngano. Huyu kijana ameniita hapa, na kule kizuizini nimekuta wazi, hakuna mtu wa kutembea nao."

Kisha madereva wote wakatoka mbio. Nami nilikimbia. Ng'ombe walikuwa wamekula ngano yote ya upande wa barabara, na dume moja lilikuwa limelala humo. Reginald alifika wa kwanza, na ile ovaroli yake.

Niliumia. Nilikaa nyuma ya tela nikalia kidogo. Lakini nauliza: mtu atakuwaje kikaoni na kizuizini kwa wakati mmoja? Ratiba mbaya si yangu.

Jumamosi, 15 Mei

Reginald amechaguliwa kupanda kombaini. Mimi nimepelekwa jikoni kwa mama Verediana, mpishi wa kambi. Yeye amekwenda Katesh kununua chumvi. Ameniachia sufuria la makande ya wafanyakazi wote, akasema nisiliache hata kidogo, nikoroge na kuongeza maji. Kazi ya mtoto!

Nimetoka nje kukaa kwenye mwanga, maana jikoni kuna moshi na nataka kumwandikia meneja maelezo kamili ya kughafilika, kurasa za kutosha. Safari hii ataelewa.

Kuna harufu ya kitu kinachoungua. Inazidi. Wafanyakazi wanakuja na sahani zao, na kuna mtu hapa kambini anaunguza chakula cha wenzake. Huo sasa ndio uzembe.