Ubongo Tisa Hauzimwi

Jumapili, 9 Juni

Leo nimezaliwa upya. Nimetoka ukumbi wa video kutazama filamu ya marubani wa kivita. Ubongo wa kompyuta unaziteka ndege za jeshi, unataka kuteketeza dunia, anabaki rubani mmoja tu wa kuuzuia. Watu wamepiga makofi mpaka vumbi limetoka kwenye viti. Mimi sikupiga. Mimi nilikuwa nachunguza. Ukiondoa moto na moshi, filamu nzima ni mwanamume aliyekaa kwenye kiti, kavaa helmeti, anagombana na sauti. Basi! Na mimi ni fundi redio. Kukaa kwenye kiti na kugombana na sauti ndiyo kazi yangu!

Nimemfuata mwenye ukumbi papo hapo. Nimemwambia Jumamosi namletea filamu ya aina hiyo, tena ya Kiswahili. Amenitazama kama mtu anayesoma bili ya umeme. Mwishowe amekubali kuionyesha kabla ya filamu kubwa. Watazamaji wakikaa mpaka mwisho, nitakuwa namletea filamu kila mwezi. Wakiinuka kabla, nisikanyage tena pale.

Mke wangu ameongeza sharti lake. Wakiinuka, Jumatatu naripoti kwa kaka yake, kwenye karakana ya matairi. Amesema redio hakuna anayetengeneza siku hizi, kware wangu walikufa, na sabuni yangu ya maji ilitoboa ndoo. Nimekubali bila wasiwasi. Rubani haogopi. Ukweli ni kwamba naogopa. Shemeji ameshanishonea aproni, na ina jina langu kifuani.

Jumatatu, 10 Juni

Kiti. Ndege ya kivita bila kiti ni banda tu. Mtaa mzima una kiti kimoja kinachopanda, kushuka, kuzunguka na kulala: cha Kinyozi. Mimi na Kinyozi hatupikiki chungu kimoja tangu alipotangaza mbele ya wateja kwamba redio niliyomtengenezea inashika ugomvi wa majirani tu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Amekubali, ila rubani awe yeye. Nimemwambia rubani lazima awe na sura. Amejibu kwamba rubani lazima awe na nywele, akautazama utosi wangu kwa jicho la kitaalamu. Tumevutana mpaka wateja wakaanza kutoa maoni. Mwisho tumeafikiana: yeye ni Jenerali, anatoa amri kwa simu kutoka makao makuu, na hafi. Nilikuwa nimepanga afe ukurasa wa pili. Nimefuta kwa uchungu.

Kiti hakitoki! Kimefungwa kwa nati sakafuni. Basi tutaipigia filamu humohumo kinyozini. Kioo tutakifunika kwa shuka la bluu, hiyo ndiyo mbingu. Wateja wanaosubiri zamu watakuwa wanajeshi. Helmeti nimeazima ya pikipiki. Barakoa ya oksijeni ni faneli ya mafuta ya taa. Nimeijaribu mara moja. Kizunguzungu cha angani kabisa!

Jumanne, 11 Juni

Sauti ya kompyuta imenitesa kutwa. Nilianza na mke wangu. Alipofika kwenye maneno ya kuangamiza binadamu wote alicheka mpaka akakaa chini. Nikajaribu mwenyewe, nimebana pua. Mke wangu amesema hiyo si akili bandia, hayo ni mafua.

Simu ikaita. Mama mkwe. Mke wangu akaweka spika. Mama hakusalimia. Alisema tu, polepole, bila hasira yoyote, kwamba anaona yale aliyotuambia bado hatujayafanya.

Nikasimama. Mke wangu akasimama. Hatukumbuki alituambia nini, lakini tulisimama wote wawili. Ndiyo hiyo! Ndiyo sauti ya mashine iliyowapima binadamu ikaona wamepungua!

Nimembembeleza. Ameuliza kama ni kazi ya heshima. Nimemwambia ni akili kubwa kuliko zote jeshini, jina lake Ubongo Tisa. Amesema siku zote alijua jeshi litakuja kumhitaji.

Jumatano, 12 Juni

Mama mkwe amewasili na stuli yake. Amevaa miwani, amesoma hati yangu yote, nami nimesimama pembeni mikono nyuma. Kisha ameuliza kompyuta imefanyiwa nini mpaka ikaasi. Nimesema haijafanyiwa kitu, imeasi tu. Amesema hakuna anayeasi bure, hata mbuzi akikata kamba ana lake jambo. Nirudi nikaandike sababu.

Nimeandika mpaka kidole kimeota sugu. Sababu: binadamu hawaisikilizi. Mama amesema sasa ndiyo naanza kuandika. Nimefurahi kupita kiasi, kisha nimejishangaa kwa nini nimefurahi.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya kupiga filamu. Mpiga picha ni mke wangu, kwa simu yake. Mama mkwe amekaa nyuma ya pazia. Jenerali kashika simu mkono mmoja na mashine ya kunyolea mkono wa pili, kwa sababu amekataa kumwacha mteja nusu kichwa.

Maneno yangu ya kwanza: Nyamaza, takataka la chuma wewe! Nimeyatunga mwenyewe na nayapenda. Kinywa hakikufunguka. Tangu nioe sijawahi kumkazia macho mama mkwe, leo nimwite takataka? Mke wangu akasema tuanze, jua linaondoka. Nikavuta pumzi ya mafuta ya taa, nikasema:

"Shikamoo, kompyuta."

"Marahaba," ikajibu kompyuta.

Nilitaka turudie. Mke wangu amekataa. Amesema hicho ndicho kitu pekee cha kweli nilichofanya tangu Jumapili.

Vita vikaanza. Kila nikibonyeza kitufe cha kombora najisikia nikisema samahani mama. Kompyuta nayo ikaitupa hati. Badala ya kutangaza maangamizi, ikamuuliza rubani kama ana mke. Nikasema ninaye. Ikauliza kama mke huyo anajua ndege imekwenda wapi, na ikirudi inarudi na nini. Jibu halikuandikwa! Jenerali akadakia kwenye simu kwamba hata yeye hujiuliza swali hilohilo. Wanajeshi wote kwenye benchi wakaitikia. Mwenye nusu kichwa akasema mama kasema kweli.

Nimemwomba mke wangu afute. Amesema simu yake haina nafasi ya kufuta. Kitu kama hicho hakipo, nami ni fundi.

Ijumaa, 14 Juni

Mgogoro! Mwisho wa filamu rubani anachomoa waya, kompyuta inakufa. Mama mkwe amekataa kufa. Amesema hajawahi kuona mtu mwenye adabu akimzima mtu mzima katikati ya maneno. Amependekeza rubani atue, aegeshe ndege vizuri, aende nyumbani, na jeshi abaki nalo yeye. Jenerali ameunga mkono papo hapo. Kwa maoni yake, jeshi halijawahi kuwa kwenye mikono salama kama hiyo.

Nimetabasamu. Nimekubali. Wanadhani nimekubali! Kabla mama hajaondoka nimemwomba aseme "aaa", eti napima sauti. Amesema. Kisha ameuliza ni wapi kwenye filamu ambapo kompyuta inakwenda kwa daktari wa meno. Nimemwambia hayo ni mambo ya kiufundi.

Alipokwisha ondoka nimejirekodi nikichomoa waya wa pasi, nikaibandika ile "aaa" juu yake. Kifo safi kabisa. Mke wangu ameiona. Kaenda tu kumpigia mama yake simu, kumkumbusha kesho awahi kiti cha mbele.

Jumamosi, 15 Juni

Ukumbi ulifurika. Kinyozi alileta wateja wake wote, naye kavaa kofia ya mlinzi wa benki. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele na nguo zake za harusini. Mimi nilisimama karibu na mlango, ikihitajika kukimbia.

Shikamoo, kompyuta. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, kwaheri redio, karibu matairi. Nilipoyafumbua, hakuna aliyeinuka. Hata mmoja! Kompyuta ilipouliza habari za mke, wanawake walipiga vigelegele. Watu walimpigia rubani kelele ajibu swali. Mwenye ukumbi akanitafuta gizani, akanipa mkono. Nilikuwa na furaha. Naiandika wazi kwa sababu ilikuwa fupi.

Ukafika waya. Nikachomoa. "Aaa."

Ukumbi wote ukasimama. Hawakuwa wanaondoka, walikuwa wananitafuta mimi. Bibi mmoja alivua kiatu. Walitaka kompyuta iwashwe, tena sasa hivi. Mwenye ukumbi alijaribu kusema, sauti yake ikamezwa.

Mama mkwe akainuka, akawageukia. Hakupaza sauti. Alisema neno moja tu: "Kaeni."

Wakakaa. Nami nikakaa, sakafuni, maana sikuwa na kiti. Akawasimulia filamu ilivyopaswa kwisha, kuanzia rubani anapotua mpaka anapoosha vyombo. Filamu kubwa ilichelewa na hakuna aliyeiulizia.

Nimemwambia mwenye ukumbi kwamba watu wamekaa mpaka mwisho, ahadi ni deni. Amejibu kwamba wamekaa mpaka mwisho wa mama. Mwisho wangu waliuinukia. Na kazi amempa yeye: kila Jumamosi atakaa kando ya skrini, awaeleze watu filamu zingepaswa kwisha vipi. Kinyozi amepiga makofi kuliko wote.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe amekuja asubuhi. Kasema neno moja: nilimzima. Nimeona aibu. Aibu ya kweli. Nimepiga magoti, nimeomba radhi, na nilikuwa namaanisha kila neno. Amenisamehe. Amenikalisha, amenitengenezea kola, amesema mimi si mtu mbaya, tatizo langu sisikilizi. Akaanza kunieleza kwa utaratibu namna ya kusikiliza. Ilikuwa nasaha nzuri, nadhani. Sehemu kubwa imenipita, kwa sababu wazo lilikuwa limeshaanza kunijia.

Jumatatu, 17 Juni

Karakana ya matairi. Aproni inanibana kwapani. Shemeji amenikabidhi kompresa ya kujazia upepo, amesema nisiiguse mpaka anielekeze. Nimeigusa. Ikiwaka inalia sawasawa na ndege ya kivita inayopaa! Imekaa hapa miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia!

Wakati shemeji anazima, nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa kompyuta. Ukiipa mashine mdomo, itakuteka filamu. Basi safari hii hakuna kompyuta. Rubani peke yake, redio imekufa, nje kuna upepo tu. Rubani na upepo, saa nzima. Nani ataninyang'anya filamu? Upepo?

Wa kuvuma nimempata: baba mkwe. Mtu mpole kuliko wote ninaowajua. Tangu nimuoe binti yake sijamsikia akimaliza sentensi, mama mkwe humsaidia kumalizia. Nimempigia simu wakati wa chakula cha mchana. Nimemweleza kwamba upepo hausemi neno, ni kuvuma tu. Amekubali haraka kuliko nilivyotarajia. Ameuliza kama kutakuwa na maji ya kunywa, maana ana mengi moyoni, na ameyaweka muda mrefu.

Nimemsimulia mke wangu. Amenitazama, akaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimemjibu kwamba mshindo ndio hasa ninaoutafuta, hii ni filamu ya vita.